Kasa Mwenye Miguu ya Kobe

Kasimiri alikuwa kiguu na njia tangu alipojua kusimama. Alizaliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yalifuatwa mabondeni na kupandishwa kichwani. Kutoka Newala akahamia Mtwara, Mtwara ikamchosha, akapanda basi kuja Dar es Salaam. Temeke alikaa mpaka alipogombana na mwenye nyumba kwa sababu ya kelele za nyundo. Kinondoni alikaa mpaka alipogombana na kila mtu. Miaka ile ya Azimio la Arusha, watu walipokuwa wakihimizwa wakae pamoja na wajenge pamoja, yeye alikuwa bado anafunga mizigo. Safari hii alihamia Kawe, jirani na kiwanda cha nyama, akiwa na mkewe Yustina, binti yao Adelina, sanduku la patasi, na gogo.

Hilo gogo ndilo lenye habari. Lilikuwa la mpingo, nene kama ngoma, urefu wake ulimfika mtu mzima kiunoni. Baba yake, mzee Leonardi, aliyekuwa akiwachongea mapadri misalaba na Bikira Maria, aliliweka chini ya kitanda miaka na miaka bila kulitia patasi. Alipozidiwa na ugonjwa alimwita Kasimiri, akalionyesha kwa kidevu. "Hili lako," akasema. "Usilikate mpaka uwe na la kulikatia." Baada ya hapo akafa bila kufafanua, na mtoto akabaki na kazi ya kufasiri.

Basi Kasimiri akalibeba. Kila alikohamia lilitangulia kupakiwa na lilikuwa la mwisho kushushwa. Kila moyo ulipomwambia kwamba sasa ndiyo wakati, alilivuta nje, akaligonga kwa vifundo vya vidole, likamjibu kwa sauti nzito iliyoshiba, akatabasamu, akalirudisha. Ukweli ni kwamba aliliogopa. Mti wenyewe ulikuwa mmoja, baba alikuwa mmoja, na ukikosea patasi kwenye mpingo hakuna wa kumwomba msamaha.

"Baba Adelina," Yustina alikuwa akimwambia, "hili gogo limetembea kuliko mie. Mie Lindi nimeipita nimelala, lenyewe ulilikalisha dirishani."

Wachongaji wa Kawe walikuwa na banda lao la makuti kando ya barabara ya Bagamoyo, nao walishajiunga kuwa chama cha ushirika. Mwenyekiti wao alikuwa Romani, Mmakonde mwenzao mwenye sauti ya mkutano hata akiwa anaomba chumvi. Ili wasigombee wanunuzi, walikuwa wamegawana wanyama. Romani alijigawia tembo. Wengine walichukua twiga, simba na vifaru. Kasimiri alikuja wa mwisho, akapewa aliyebaki, na aliyebaki alikuwa kasa.

Kasimiri hakuwahi kumwona kasa. Bahari ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka chumbani kwake, lakini kwake yeye maji yalikuwa kitu cha kubebwa na mtu, si kitu cha kumbeba mtu, na hakuwahi kuikaribia kuliko pale ambapo mchanga unaanza kulowana. Alipouliza kasa yukoje, mmoja akamjibu bila kuinua macho kwamba ni kobe wa baharini. Kobe alimjua vizuri, alishawaokota wengi porini Newala. Akachonga kobe. Akamtia miguu minene minne yenye kucha, akamfanyia kichwa kilichorudi nusu ndani ya gamba kama mzee anayesikia baridi, na wanunuzi wakanunua bila neno. Akachonga mwingine, na mwingine, mpaka watu wa Ulaya nzima wakawa na kobe wa Newala mezani wakidhani ni kasa wa Dar es Salaam.

Siku moja ikasimama gari ya kituo cha utafiti wa bahari cha kule Kunduchi, akashuka mwanamke wa makamo, nywele fupi, viatu vimejaa mchanga. Jina lake Demetria Kokushubila, mtu wa Bukoba, alisomea mambo ya bahari ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kuzama na mtungi wa hewa mgongoni kuwachunguza kasa na matumbawe yao. Alikuwa anatafuta fundi wa kumchongea vielelezo vya kasa, aende navyo vijijini pwani akazungumze na wavuvi. Akaonyeshwa Kasimiri. Akamchukua kasa mmoja, akamgeuza chali, akamgeuza tena, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta gogo la kukalia.

"Waitu! Jamani, huyu kobe mmempeleka baharini kufanya nini? Atazama huyu!"

"Si kasa?" akauliza Kasimiri.

"Kaka yangu, kasa hana miguu. Ana mabawa. Na hicho kichwa unachokiona kimejificha, kasa hawezi kukificha. Hata aje papa, kichwa kiko nje." Akafuta machozi, akaona uso wa Kasimiri, akaacha kucheka. "Samahani, fundi. Kazi ya mkono ni nzuri sana. Ni mnyama tu ndiye siye."

Lakini maji yalishamwagika. Banda zima lilikuwa limesikia, na wachongaji wanapompata mtu hawamwachi. Kuanzia siku hiyo akawa Bwana Kobe. Akipita, mtu huvuta shingo ndani ya kola. Akikaa kula, kuna wa kumuuliza kama atapenda majani. Kasimiri alicheka nao kwa meno, ndani akiwa anaungua. Kazini alikaa, akainuka, akazunguka banda, akarudi, akashika patasi, akaiweka. Yustina alimtazama siku mbili tatu, akaanza kukusanya sufuria pembeni, maana alijua dalili za kuhama.

Juma lilelile Romani akaitisha mkutano. Mpingo ulikuwa umeadimika, malori ya Kisarawe hayaji, na kuna hoteli imeagiza visahani vya majivu vingi vya kutosha kujaza lori. Chama kikaamua kwamba kila mwenye gogo lake alilolificha nyumbani alilete kabla ya maonyesho ya Sabasaba, lipasuliwe kwa faida ya wote. Hakuna aliyetajwa jina. Macho yote yakamgeukia Kasimiri.

"Nitalileta," akasema. "Lakini nitalileta limechongwa."

"Limechongwa nini, Ndugu Kasimiri?" akauliza Romani.

Kasimiri mwenyewe hakujua atasema nini mpaka alipojisikia anasema. "Kasa."

"Wa miguu mingapi?" mtu akauliza kutoka nyuma, na banda likalipuka. Romani akapiga meza.

"Sikilizeni. Likija na kitu cha maana, litakwenda Sabasaba kwa jina la chama. Likija gogo tupu, mie na msumeno tunalisubiri. Ushirika ni ushirika, hatuna mambo ya gogo la baba."

Kasimiri akarudi nyumbani, akalivuta gogo, akaligonga, likajibu. Kwa mara ya kwanza sauti ile haikumfurahisha. Alimwona baba yake akisagwa kuwa visahani, na wageni wa hoteli wakimzimia sigara usoni.

Kesho yake alikwenda Kunduchi. Bi Demetria alimpokea kwa heshima ya mtu anayejua kwamba alicheka kupita kiasi. Akamtolea gamba la kasa, akamtolea na picha kitabuni. Kasimiri akalipapasa gamba, akaangalia picha, akarudisha vyote.

"Huyu amekufa," akasema. "Na huyu kasimama. Mie nataka nimwone anavyokwenda."

"Anakwenda chini ya maji, fundi."

"Basi nipeleke chini ya maji."

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Ulishawahi hata kuingia baharini?"

Bi Demetria akamtazama muda mrefu. Mtu mwingine angemrudisha kwake na gamba mkononi. Lakini na yeye kwao Bukoba alilelewa akikatazwa kusogelea ziwa, mpaka siku alipochoka kukatazwa, akaingia. Akafungua kabati, akatoa miwani ya kuzamia na mrija wa mpira.

"Vielelezo utanichongea bure?"

"Vyote unavyotaka."

"Basi anza na karai. Kanuni ni moja tu, nyingine zote nitakufundisha taratibu. Usizuie pumzi. Mtu akiogopa majini anazuia pumzi, na akipanda juu akiwa ameizuia, mapafu yanapasuka. Hata uone nini huko chini, pumua."

Kawe walikuwa wameona mengi, lakini mwanamume mzima amepiga magoti uani, kavaa miwani ya mpira, uso umezama kwenye karai la kufulia na mrija umesimama kisogoni, hilo lilikuwa jipya. Majirani walijaa. Mama mmoja akamwita Yustina kando, akamuuliza kwa huruma kama kwao ukoo una ugonjwa. Kasimiri alikuwa akivuta, anapaliwa, anaibuka anakohoa na kutema povu la sabuni, anarudi. Akizama akavumilia kidogo tu, miguu inaanza kucheza, mikono inatafuta cha kushika, anaibuka tena.

"Baba Adelina," akasema Yustina, "mie nguo nafulia wapi?"

Walipohamia kwenye maji ya kiunoni kule Kunduchi, na mtungi mgongoni, mambo yaliharibika zaidi. Alipigapiga kama kuku anayechinjwa. Alitimua mchanga mpaka hawakuonana. Mara tatu alitema mpira wa kupumulia na kutoka mbio kwenda nchi kavu na mapezi miguuni, kinyumenyume, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kukimbia na mapezi. Mwinshehe, Mzaramo aliyekuwa nahodha wa boti ya kituo, alikaa mchangani akicheka hadi kofia ikaanguka.

"Fundi, ukiwa unachonga unakaaje?" Bi Demetria akamuuliza siku hiyo.

Kasimiri akamwonyesha. Alikaa mchangani, akanyoosha miguu, akakibana kipande cha mti kwa nyayo mbili kama wanavyokibana Wamakonde wote, na papo hapo, bila kujijua, mabega yakashuka.

"Haya. Kakae hivyohivyo chini ya maji."

Akatafuta jiwe, akazama nalo, akalibana kwa nyayo, akakaa. Mapovu yakapanda moja baada ya jingine, taratibu. Bi Demetria alisimama juu yake akiyaangalia.

Siku ya kwenda mwambani Bi Demetria alimwambia ukweli. Mashine ya kujazia mitungi ilikuwa imekufa, kipuri kiko Ulaya, na fedha za kigeni hakuna. Kilichobaki ni hewa ya kushuka mara moja. "Ukimwona, umemwona. Usipomwona, tusilaumiane."

Mwinshehe akawapeleka hadi upande wa nje wa kisiwa cha Mbudya, akazima injini. Kasimiri alikaa ukingoni akiwa amevaa mkanda wa vipande vya madini ya risasi wa kumzamisha, kijasho kinamtoka na hewa bado ni ya asubuhi. Alimkumbuka Yustina, ambaye asubuhi ile alimfunga rozari mkononi mara mbili ili isichomoke. Kisha akapiga moyo konde, akajitupa.

Chini kulikuwa na matumbawe yamepandana kama mji uliojengwa bila ramani, na samaki wa kila rangi wakiingia na kutoka kwenye vyumba vyao. Pono walikuwa wakitafuna mwamba na mlio wa kutafuna kwao ulisikika. Chewa mmoja alisimama mlangoni pake na kumkodolea macho kama mwenye nyumba wa Temeke. Mwingine angeweza kushinda hapo akishangaa. Kasimiri hakuwa na habari nao. Yeye alimtaka kasa. Aligeuka huku, akageuka kule, akachungulia huku, hewa akiinywa kama mtu aliyetoka jua kali, mpaka Bi Demetria alipoangalia kipimo cha mtungi wake akatikisa kichwa. Akamwonyesha kwa kidole kwamba muda wa kupanda umekaribia. Gogo, alifikiri Kasimiri. Gogo la baba.

Hapo Bi Demetria akamshika kifundo cha mkono, akamvuta polepole chini ya paa la mwamba. Ndani mlikuwa na giza. Kasimiri hakuona kitu. Giza likazoeleka, na giza lenyewe likafumbua jicho.

Alikuwa amelala humo, mkubwa kuliko meza, gamba limeota majani ya bahari, visamaki vinamdonoa shingoni kama vinamkata nywele. Kichwa kilikuwa nje. Aliwaona watu wawili na mitungi yao, na kichwa kikabaki nje. Hakuwa na pa kukiingiza. Alimtazama Kasimiri hivyohivyo, uso mtupu, hana mlango wa kufunga. Kasimiri alitazamwa na wengi katika maisha yake, wenye nyumba, mahakimu wa vikao, wadai, lakini hakumbuki kutazamwa namna ile.

Kisha kasa akatoka. Hakupiga makasia wala hakutembea. Alishusha mabawa mawili mara moja tu, kwa uvivu, na mzigo wote ule wa mwili na gamba ukapita juu ya vichwa vyao kama hauna uzito. Chini ya bawa kulikuwa na weupe. Nyuma, yale mabawa madogo mawili yaligeuka kidogo, kama usukani, akaingia kwenye mwanga akayeyuka humo.

Ngumi ilimgonga Kasimiri kifuani. Alikuwa Bi Demetria, macho yamemtoka ndani ya miwani, anaonyesha mdomo wake, mapovu yanatoka, anaonyesha mdomo wa Kasimiri, mapovu hakuna. Alikuwa amesahau kupumua. Akavuta hewa, akaitoa, akavuta tena, na ndipo alipogundua kwamba mwili wake wote ulikuwa umetulia. Miguu haikucheza. Mikono ilikuwa inaning'inia tu majini, haina inachokitafuta.

Botini alitapika maji ya chumvi, Mwinshehe akamshika mgongo. "Umemwona, fundi?"

Kasimiri akanyanyua mikono miwili, akaishusha mara moja, taratibu. Mwinshehe akaitikia kwa kichwa. "Basi umemwona."

Utulivu ule haukufika naye Kawe. Alichonga vielelezo vya Bi Demetria haraka haraka kwa mti mwepesi, akavipeleka, akarudi mbio. Sasa alikuwa na la kulikatia gogo, na Sabasaba ilikuwa imekaribia mno. Asubuhi moja akalitoa uani, akaligonga kwa mara ya mwisho, likamjibu, akafanya ishara ya msalaba, akaweka msumeno kwenye ncha ili apate uso wa kuanzia.

Msumeno ukaingia kirahisi mno. Mpingo haukatwi hivyo, mpingo hukutoa jasho. Akasukuma mara chache, ncha ikadondoka, na pamoja nayo vikamwagika mapajani mwake vumbi jeusi, vipande vya mti na mabonge ya nta.

Kila mchongaji anaijua kazi ile. Kipande kikiwa na ufa au tundu, unachanganya nta na unga wa mpingo, unashindilia, unapaka kiwi ya viatu, na mnunuzi hajui mpaka anakufa. Kasimiri mwenyewe alishaziba nyufa za kobe wake wengi. Akaingiza mkono kwenye gogo, ukazama hadi kwenye kiwiko. Moyo wa mti ulikuwa umeoza zamani, na mtu alikuwa amejaza tundu lote, tabaka juu ya tabaka, vipande vimepangwa mshazari, vimebanwa kwa ustadi ili gogo likigongwa lijibu kama lililoshiba. Aliutambua mpangilio ule wa mshazari. Mtu wa kupanga hivyo alikuwa mmoja tu.

"Alijua!" Kasimiri akapiga kelele. Akautupa msumeno ukagonga ukuta. "Mama Adelina, mzee alijua! Nimebeba uchafu! Nimehama nao mji hadi mji, nimezama baharini kwa ajili yake, na yeye alijua!" Alikuwa analia, na hakujali majirani. "Alinidanganya akiwa anakufa!"

Yustina alikuwa anachagua mchele. Akauweka ungo chini, akaja akachuchumaa, akachungulia tundu.

"Angekuambia ni bovu, ungelifanyaje?"

"Ningelitupa."

"Wapi?"

"Palepale Newala. Ningelibeba la nini?"

"Ndiyo hivyo. Kitanda cha harusi ulikitupa Mtwara. Baiskeli uliiacha Temeke kwa hasira. Mie na Adelina tunafungashwa kila mwaka hata hatujui ungetuacha wapi." Akaligusa gogo. "Hiki ndicho kitu pekee ulichokishika usikiachie. Mzee alikujua wewe, hakujua gogo tu."

Kasimiri alibaki amekaa na vumbi la baba yake mapajani. Alimwona akiwa peke yake chumbani, kabla ya kumwita, akishindilia nta kidogo kidogo kwa mikono ya mgonjwa. Mzee alikuwa amempenda na alikuwa amemdanganya, vyote viwili, na Kasimiri hakuweza kutenganisha kimoja na kingine. Baada ya muda mrefu aliinama, akaweka uso kwenye mdomo wa tundu kama alivyokuwa akiuweka kwenye karai. Ndani mlikuwa na giza. Akasubiri. Giza likazoeleka, na kule mwisho kabisa, ambako mti ulikuwa bado mzima, mpingo ukang'aa kidogo kama jicho.

Alimchonga kasa kwa kuingia ndani, kwenye ule mpingo uliobaki mzima. Hakugusa nje. Aliacha gamba la mti na vinundu vyake na ule mviringo wa mti mweupe unaouzunguka mweusi, akalibana gogo kwa nyayo, akaingiza patasi ndefu, na wakati mwingine alichonga kwa kupapasa tu, kwa sababu jicho na mkono visingeweza kuingia pamoja. Juu alitoboa ufa mwembamba wa kupitisha mwanga. Mwishoni akaikusanya nta ya mzee Leonardi, akaiyeyusha, akaichuja, na hiyo ndiyo aliyompaka kasa mgongoni.

Romani alipokuja kulichukua alizunguka mara mbili, akalitazama kutoka juu, mikono kiunoni.

"Ndugu Kasimiri, hiki ni nini?"

"Kasa."

"Mie naona mzinga wa nyuki."

"Inama uchungulie."

Romani akainama kidogo, kiasi anachoinama mwenyekiti. "Sioni kitu. Ni giza. Na umelitoboa lote, hata visahani halitoi tena." Akashusha pumzi. "Litakwenda, kwa kuwa chama kiliahidi. Lakini likirudi bila mtu kulitaka, tunachemshia chai."

Viwanja vya Sabasaba vilifurika watu. Tembo wa Romani walipangwa mbele, wameng'arishwa, na gogo la Kasimiri likawekwa nyuma pembeni. Watu walipita. Wengine waliuliza bei ya asali. Mmoja alitupia ndani ganda la karanga, Kasimiri akalitoa kwa kidole. Alikaa, akainuka, akaenda kunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo, akarudi. Alianza kuwaza Tanga. Alikuwa amesikia Tanga kuna nafasi. Kichwani tayari alikuwa ameshafunga sufuria za Yustina, ameshamkatia Adelina tiketi, na kila alipofika kwenye kupakia gogo mawazo yaligoma.

Bi Demetria alikuja alasiri, gauni la sikukuu, viatu vilevile vya mchanga. Akawapita tembo wote.

"Yuko wapi huyo mnyama wangu?"

Kasimiri akatandika kipande cha mkeka mbele ya gogo. "Upige magoti, dada."

"Hilo tu? Kwetu Bukoba ndiyo salamu."

Akapiga magoti akitabasamu, akashika gogo pande zote mbili, akaweka uso kwenye tundu. Romani alikuwa anabishana na mnunuzi, na kelele za muziki zilitoka kila upande. Bi Demetria alikaa hivyo. Tabasamu lililoonekana kwenye shavu lake likaondoka. Vidole vikakaza kwenye magamba ya mti. Kasimiri alisimama nyuma yake akiutazama mgongo wa gauni lile la sikukuu, akaona kwamba mgongo haupandi wala haushuki. Akaendelea kuutazama. Romani naye akanyamaza katikati ya bei, akageuka.

Kasimiri akainama, akamgonga begani polepole.

"Pumua, dada," akamwambia.

Bi Demetria akashusha pumzi ndefu iliyosikika ndani ya gogo, lakini uso hakuutoa. Kasimiri akakaa chini kando yake, akanyoosha miguu, akabaki amekaa.